Msiba wa Kujitakia Hauna Kilio?

Je, anayenunua kitu cha haramu ana haki ya kutodanganywa? Hapa Guangzhou, kuanzia Xiaobei hadi Sanyuanli, kila bidhaa tunauliza kama ni orijino au feki, na anayetuuzia simu mbovu tunamwita mwizi. Lakini unga ukitajwa, tunanyamaza.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kokeini imekuwa ikichakachuliwa kwa levamisoli, dawa ya minyoo. Wafugaji wetu wanaijua, maana imo ndani ya Nilzan wanayowanywesha ng'ombe na mbuzi. Wengine wetu tuliimeza utotoni kwa jina la Ketrax. Kwa dozi moja ya kutoa minyoo haikutudhuru. Hatari ni kuinusa mara kwa mara bila kujua. Kwa baadhi ya watu, chembechembe nyeupe za damu hupungua kabisa, mwili ukakosa kinga, na homa iliyoanza na maumivu ya koo ikaweza kuua. Wengine ngozi ya masikio na mashavu hugeuka nyeusi na kufa. Mwaka 2009, idara ya afya ya Marekani ilionya kwamba zaidi ya asilimia 70 ya kokeini iliyopimwa mwezi Julai ilikuwa na dawa hiyo.

Wapo watakaosema msiba wa kujitakia hauna kilio. Lakini huyu alijitakia nini? Alijitakia kokeini, na kwa hilo atajibu mwenyewe. Dawa ya ng'ombe hakuitaka wala hakuambiwa. Kosa la mnunuzi halimpi muuzaji ruhusa ya kumtilia sumu. Tukisema linampa, basi kila aliyewahi kukosea ni halali kudhulumiwa, na hapo nani kati yetu atasalimika?

Dhuluma hiyo humfikia hata mbebaji. Kifungu cha 357 cha sheria ya jinai ya China huhesabu uzito wote wa mzigo bila kupunguza kilichochanganywa. Kijana aliyetumwa kama punda huhukumiwa pamoja na uzito wa dawa ya minyoo, na aliyeichanganya amekaa kwake akihesabu faida.

Sasa tujitazame sisi. Mgonjwa akificha alichotumia, daktari ataona damu imeharibika asijue kwa nini. Akisema, akaacha na kutibiwa mapema, kwa kawaida chembechembe hizo hurudi. Tunajua anaogopa polisi na kurudishwa nyumbani. Anatuogopa sisi pia, na hofu hii ya pili tunaweza kuiondoa. Kumwonya si kumhalalishia unga. Tukijua sumu iliyomo tukakaa kimya kwa kuona aibu, tumemsaidia muuzaji kuficha.

Kwa hiyo, ukimwona mwenzako anayetumia ana homa na koo linamuuma, hotuba iweke kando kwanza. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umtie moyo amwambie daktari ukweli.