Nasaha kwa Ofisa Mwanafunzi Aliyebakizwa

Mwanangu, yamesomwa majina ya wanaoingia muhula unaofuata na lako halikutajwa. Umeitwa ofisini, umesimama wima, umeelezwa kwamba utabaki nyuma uungane na kundi linalokuja. Ukajibu "Ndiyo, afande", ukapiga saluti, ukatoka. Jioni hiyohiyo ukahamisha vitu vyako kwenda bweni la watu usiowajua. Wengi watakutia moyo, nao wamefanya vyema, lakini moyo wa kutiwa na watu haukai muda mrefu. Mimi nakuletea adabu. Aliyebakizwa akishika mwenendo wake, ari humfuata. Akikaa kuisubiri ari ndipo ashike mwenendo, muhula utakwisha angali anasubiri.

Jambo la kwanza ni kuijua sababu yako, kwa kuwa waliobakizwa hawalingani. Yuko aliyeumia, yuko aliyeshindwa somo, yuko aliyepewa seksheni aiongoze akababaika, na yuko aliyevunja nidhamu. Kila mmoja ana njia yake ya kurudi, na ukishika njia ya mwenzio utapoteza muhula wa pili kama ulivyopoteza wa kwanza.

Aliyeumia ndiye ninayemhurumia zaidi, maana huyu hakosi bidii, na mara nyingi bidii yenyewe ndiyo iliyomwangusha. Kijana anatoka shuleni au chuo kikuu, ghafla anatiwa katika mbio za alfajiri, kwata ya saa nyingi juu ya uwanja mgumu na safari za usiku akiwa na mzigo mgongoni. Misuli hupata nguvu upesi kuliko mifupa. Mfupa hujiimarisha kwa kujibomoa kidogo kwanza na kujijaza baadaye. Ukizidishiwa mzigo kabla haujajijaza, hupata ufa mwembamba, aghalabu kwenye muundi au ndani ya unyayo. Ufa huo huhitaji majuma mengi kupona, mara nyingi sita hadi nane na pengine zaidi, na hakuna ukakamavu unaoweza kuyafupisha. Basi usifiche maumivu. Najua vijana wanavyosifiana kwa kuficha, na najua aibu ya kuonekana unachechemea nyuma ya mstari. Lakini kesho utakuwa kamanda wa platuni, na kamanda anayedanganya juu ya mguu wake atadanganya pia juu ya risasi zilizobaki na maji yaliyobaki, na watu watakufa kwa uongo huo. Mwambie mganga ukweli wote, fuata mazoezi anayokupa hata yakiwa madogo ya kuchosha, kula unachopewa ukimalize, lala unaporuhusiwa kulala.

Wala usidhani umepatwa na jambo geni. Chuo cha Sandhurst cha Uingereza, ambacho mafunzo yake ya kawaida huchukua majuma 44 yaliyogawanywa katika mihula mitatu, kimetenga kikosi kiitwacho Lucknow kwa ajili ya wanafunzi walioumia. Hutibiwa na kufanyishwa mazoezi humo mpaka wapone, ndipo wajiunge na kundi lililo nyuma ya lao. Chuo kisingetenga kikosi kizima kwa jambo linalompata mmoja kwa bahati mbaya.

Kama umeshindwa somo au uongozi, hapo adabu ya kuuliza ndiyo itakayokuokoa. Wengi huenda kwa mkufunzi na swali lisilo swali: kwa nini mimi, na fulani ambaye ni dhaifu kuliko mimi amepita? Usilitamke hilo hata kwa rafiki. Linamdhalilisha mwenzio ambaye hayupo kujitetea, na linamlazimisha mkufunzi atetee uamuzi wake badala ya kukufundisha. Subiri siku mbili tatu hasira ishuke. Omba nafasi kwa utaratibu, nenda na daftari na kalamu, nguo zimenyooka, kisha uliza mambo yanayoshikika. Nilipotoa amri za shambulio, ni sehemu gani askari hawakuielewa? Nilipopotea na ramani usiku, kosa lilianzia kwenye dira au kwenye kuhesabu hatua? Risasi za upinzani zilipoanza, nilichelewa kuamua, au niliamua vibaya? Andika majibu kwa maneno yake, hata yakikuchoma. Usimkatize kwa "lakini afande". Ukitoka hapo ukiwa na mambo matatu yaliyoandikwa, una kazi ya muhula mzima, na mtu mwenye kazi hana nafasi kubwa ya kujililia.

Kwa aliyebakizwa kwa utovu wa nidhamu nina kisa. Bernard Montgomery aliingia Sandhurst mwaka 1907, hodari wa michezo, akapewa ukoplo wa wanafunzi mapema. Kisha akawa kinara wa watukutu, na katika fujo moja mkia wa shati la mwenzake ukatiwa moto, kijana yule akaungua vibaya hata kulazwa hospitali. Montgomery akavuliwa cheo, na wenzake walipohitimu yeye akabakizwa miezi sita. Alipata kamisheni mwaka 1908, na ndiye aliyeongoza Jeshi la Nane la Uingereza kushinda vita vya El Alamein mwaka 1942. Watu husimulia kisa hiki kumfurahisha aliyebakizwa: tazama, hata yeye! Mimi naona wanamsahau kijana aliyeungua. Montgomery mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1958, anaeleza kwamba majeruhi yule alikataa kumtaja aliyemtenda. Usiku ule tabia ya kiofisa ilikuwa kitandani hospitalini. Kwa hiyo, kama kubaki kwako kuna mtu uliyemuumiza, kutumikia adhabu ya chuo hakutoshi. Chuo kimeshalipwa, lakini yeye hajaombwa radhi. Mwendee, mwombe msamaha kwa uwazi, tena usimweleze jinsi ulivyoumia wewe.

Sasa nikupe kisa kirefu kidogo, maana kina mafunzo pande mbili. George Patton wa Marekani alisoma mwaka mmoja katika chuo cha kijeshi cha Virginia, kisha mwaka 1904 akaingia chuo cha West Point na kuanza upya. Mwaka 1905 akaanguka hesabu, akaambiwa arudie mwaka wa kwanza. Maana yake ni kwamba alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mara tatu mfululizo, na katika vyuo vile mwaka wa kwanza ni wa kuamrishwa na kila mtu, kukaguliwa na kila mtu, kula huku umenyooka na kujibu kwa maneno machache uliyofundishwa. Waliokuwa wenzake wakawa wakubwa zake. Wanaomwandika wengi huona kwamba alikuwa na tatizo la kusoma na kuandika ambalo wakati ule halikuwa na jina. Hakukata tamaa. Alikariri alipohitaji kukariri, akaweka daftari la kujisemesha na kujikosoa, akarudi. Alihitimu mwaka 1909 akiwa wa 46 kati ya 103, na katika mwaka wake wa mwisho alikuwa msaidizi mkuu wa kikosi cha wanafunzi, yule anayesimama mbele ya gwaride zima kusoma amri. Mwaka 1912 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki za Stockholm, akawa wa tano katika pentathloni ya kisasa.

Huo ni upande wa bidii, nami namheshimu kwa huo. Upande wa pili ni wa adabu. Alipopita ule mwaka aliourudia na kupewa ukoplo juu ya wanafunzi wapya, aliwabana kwa ukali uliopita kiasi hata akashushwa. Na miaka mingi baadaye, Agosti 1943, akiwa jenerali huko Sisilia, aliwapiga hospitalini askari wawili ambao akili zao zilikuwa zimeelemewa na vita, akawaita waoga. Jenerali Eisenhower, mkubwa wake, alimwamuru aombe radhi. Sisemi kwamba kipigo kile kilitokana na hesabu za mwaka 1905. Sijui moyo wa mtu. Nasema hivi: mtu anaweza kushinda unyonge wake na bado asijifunze kumhurumia mnyonge mwingine. Ukiwa umebakizwa unapata nafasi adimu ya kujifunza yote mawili. Usitoke na moja tu.

Turudi kwako na wenzako wa zamani, maana hapa ndipo penye uchungu hasa. Mlikula bwalo moja, mlipokezana zamu za ulinzi usiku, mliazimana kiwi ya buti. Sasa wao wako mbele. Itafika siku watasimama mbele ya Amiri Jeshi Mkuu, iwe Monduli kwa Tanzania au Lanet kwa Kenya, watapewa kamisheni, na kila mmoja atavaa nyota moja begani. Kesho yake mmoja wao atapita karibu nawe, na wewe, uliyemfundisha kukunja blanketi lake, utatakiwa kumpigia saluti na kumwita afande. Ipige. Ipige kamili, mkono umenyooka, macho yametazama, sauti imetoka. Usiipige nusu nusu kwa mzaha ili ionekane mnafahamiana, wala usizunguke nyuma ya jengo kumkwepa. Saluti huipa heshima ile kamisheni, na kamisheni hiyo ndiyo unayoitafuta wewe pia. Ukiidharau kwa mwenzio, utakuja kuipokea ikiwa imedharauliwa na mkono wako mwenyewe.

Jua pia kwamba jeshini ukubwa kati ya watu wa cheo kimoja huhesabiwa kwa tarehe ya kamisheni. Wenzako watakutangulia kwa tarehe hiyo muda mrefu. Limeze hili mapema, tena lote kwa mara moja. Ukiwa unalitafuna kidogo kidogo kila mwaka, utazeeka na kinyongo. Mpongeze kila aliyepita, kwa mdomo na kwa jina lake, kabla ya gwaride na si baada yake.

Na kundi jipya ulilopelekwa? Hapo una mitego miwili. Wa kwanza ni ujuaji. Wewe umeshaona zoezi lile, unajua mkufunzi atawaamsha saa ngapi, unajua kilima kipi kina miiba. Kijana akikosea unataka kumcheka, akiogopa unataka kumtisha zaidi kwa hadithi za yaliyokupata. Acha. Ukiwasaidia, wasaidie kwa vitu vya kazi: jinsi ya kufunga mkoba usikwangue mabega, jinsi ya kulinda miguu isipate malengelenge, jinsi ya kutengeneza kielelezo cha ardhi kwa mchanga na vijiti ili amri zako zieleweke. Majibu ya mitihani usiwape hata wakikubembeleza. Huo ni wizi, na wanaoibiwa ni askari watakaoongozwa na mtu asiyejua. Mtego wa pili ni kujitenga, ukila peke yako na kuwaita "watoto" moyoni. Hao ndio kundi lako sasa. Siku ya safari ndefu ya usiku ni mmoja wao atakayekubebea mtungi wa maji.

Nyumbani nako kuna adabu yake. Mama ameshawaambia majirani, wajomba wameanza kuchanga nauli, pengine mbuzi ameshatengwa kwa sherehe. Unapata kishawishi cha kunyamaza mpaka tarehe ifike, au kusema kwamba chuo kimeahirisha. Piga simu mwenyewe, mapema, na uanze na wazazi kabla ya ndugu wengine. Wape salamu zao kamili kama siku zote, kisha sema kwa sentensi moja: nimebakizwa, sababu ni hii, nitaungana na kundi linalofuata. Usimlaumu mkufunzi ili kumfariji baba, maana baba ataibeba lawama hiyo na kuisambaza. Mama akilia, mwache alie, usikate simu. Na nyinyi wazazi, kama mnasoma haya, msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyepita, wala msitafute mtu mkubwa wa kumpigia simu ili "asaidiwe". Mtoto akipitishwa kwa simu, wenzake watajua, askari wake watajua, na hataamini tena hata siku moja kwamba aliweza.

Huambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali ni ya kweli, ila muhula wa kurudia haumwivishii mtu kitu kwa kukaa tu. Zipo siku, hasa katikati ya muhula, ambapo unayafanya tena mambo uliyokwisha kuyafanya, vumbi lilelile na filimbi ileile, na ndani yako hakuna ari hata chembe. Siku hizo usijichunguze sana. Tandika kitanda, safisha silaha, wahi kwenye mstari, msalimie mkufunzi kwa sauti. Fungua lile daftari lenye mambo matatu ufanye moja. Ikifika jioni utakuta siku imepita nawe umeifanyia kazi.

Ikitokea kwamba hata mara ya pili chuo kimesema hapana, rudisha vifaa vyote ghalani vikiwa safi na hesabu kamili, waage wakufunzi mmoja mmoja, shukuru, uondoke bila kuacha maneno nyuma. Yako mambo mengi ya kuitumikia nchi yasiyohitaji nyota begani.

Na ikitokea kwamba umepita, utakabidhiwa platuni yenye watu wapatao 30, na haitachukua muda kabla mmoja wao hajashindwa shabaha, au mbio, au kozi ya ukoplo. Huyo usimseme mbele ya wenzake. Mwite kando, mwambie kwa maneno machache ameshindwa nini hasa, mpe mtu wa kumfundisha na tarehe ya kupimwa tena, kisha siku hiyo nenda mwenyewe ukamtazame.