Usishangilie Maji Maangavu

Chukulia kijana mmoja wa Bagamoyo, mchuuzi wa samaki, aliyechoka kugombania mnada kila alfajiri. Anaamua kufuga mwatiko wake mwenyewe. Anapata kipande cha ardhi nyuma ya mikoko, upande wa Mbegani. Mzee wa jirani anamwonya: "Mwanangu, hapo palikuwa na michu. Tope lake si la kuchezea." Kijana anacheka. Tope ni tope tu.

Vibarua wanachimba hadi kiunoni, na tope jeusi linarundikwa kuwa tuta kuzunguka bwawa. Kiangazi kizima tuta linakauka na kupasuka, na ndani ya nyufa yanatokea madoa ya manjano yaliyopauka. Hakuna anayeyajali. Bamvua linaleta maji, vifaranga vinaingizwa, na kwa wiki kadhaa vinakula vizuri. Kisha vuli inanyesha. Asubuhi yake maji yamekuwa maangavu ajabu, hata shilingi ikianguka chini unaiona. Kijana anaita rafiki zake waje washuhudie. Kabla ya wiki kwisha samaki wanaelea, na ukifunua matamvua yao unakuta utando wa rangi ya kutu.

Kilichomfilisi ni salfaidi ya chuma. Maji ya bahari yana salfeti. Ndani ya tope la mikoko hewa haipiti, kwa hiyo bakteria wanaokula majani na mizizi iliyooza hutumia salfeti hiyo mahali pa oksijeni, na hutoa ile gesi inayonuka kama yai viza. Gesi ikikutana na chuma kilicholetwa na mito kama Ruvu, huzaa salfaidi nyeusi, na baadaye pairiti, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Likiwa chini ya maji, tope hilo halimdhuru mtu hata kwa maelfu ya miaka. Likifunuliwa, oksijeni huigeuza pairiti kuwa tindikali ya salfa. Kilo 1 ya pairiti ikigeuka yote hutoa takriban kilo 1.6 za tindikali, na kuizima kunataka karibu kilo 1.7 za unga wa mawe ya chokaa. Mvua huiosha tindikali hiyo kutoka tutani hadi bwawani. Maji huangaza kwa sababu tindikali huyeyusha alumini ya udongoni, nayo alumini hugandisha chembe za tope zikazama. Alumini hiyohiyo ndiyo huchoma matamvua.

Wengi wanaijua pairiti kwa sura yake nyingine, lile jiwe linalong'aa ambalo matapeli humuuzia mgeni kama dhahabu. Kulitambua ni rahisi. Lisugue kwenye kigae kisicho na mng'ao: dhahabu huacha mstari wa manjano, pairiti huacha mweusi wenye ukijani.

Wala si jiwe la kutupwa. Kwa miaka mingi viwanda viliichoma kupata tindikali ya salfa. Kasese, magharibi mwa Uganda, mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha rundo la pairiti yenye kobalti, karibu tani milioni 1. Mvua ililichuja, tindikali ikateremka hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuua majani njiani kuelekea Ziwa George. Baadaye, kuanzia 1999, kiwanda kilitumia bakteria kuivunjavunja pairiti hiyo ndani ya matangi na kuvuna kobalti. Tofauti ni kwamba pale tangini tindikali ilikuwa na msimamizi. Tuta la kijana wetu halikuwa naye.

Bwawa lililokwisha kuharibika huweza kuokolewa kwa kulikausha, kulijaza maji ya bahari na kuyamwaga, tena na tena, na kumwaga chokaa kwenye tuta. Ni kazi ya gharama, na mimi singeianza. Isitoshe, mikoko ni msitu wa hifadhi. Kabla ya panga, kuna kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Basi wewe unayetaka bwawa, kabla ya kulipa kibarua hata mmoja, chota tope kutoka kina utakachofikia. Liweke wazi kwenye kopo kwa wiki 8 likiwa na unyevu, kisha lipime kwa karatasi ya pH. Ikishuka chini ya 4, tafuta ardhi nyingine.