Je, Mtoto Aweza Kuamriwa Kupenda Kusoma?

Baba amwambia mwanawe: «Kaa hapo, usome!» Mtoto hutii. Hukaa, hufunua kitabu, macho yake hufuata mistari, bali moyo wake uko nje pamoja na wenzake wapigao mpira. Amri imetimizwa, wala hakuna aliyekosa. Lakini mtoto huyo akimaliza darasa la sita, huenda asifunue kitabu tena maisha yake yote.

Hapo pana swali linalowapasa wazazi wote. Kusoma kwaweza kuamriwa, kupenda hakuwezi. Basi, ikiwa upendo hauamriwi, wajibu wa baba na mama ni upi? Je, waseme kwamba jambo lisilo katika uwezo wao haliwahusu?

Wengi hujibu upesi kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu. Ni kweli kwamba shule ina sehemu yake. Nchini Kongo elimu ya msingi katika shule za umma ilitangazwa kuwa bila malipo tangu mwaka 2019, na watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakapata kuingia darasani. Lakini madarasa nayo yakajaa. Mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake, hata akimpa kila mmoja dakika moja tu ya kusoma kwa sauti, saa nzima imekwisha, na kila mtoto amesoma mistari michache. Mwalimu aweza kufundisha herufi. Kumsikiliza kila mtoto polepole, siku kwa siku, hawezi, hata akiwa na moyo mwema namna gani.

Tena, ajuaye kusoma na apendaye kusoma si mtu mmoja. Elimu isiyopendwa hufanana na jembe lililosahauliwa mvuani: lilinunuliwa kwa fedha, lakini kutu hulila. Wako watu wazima waliojua kusoma walipokuwa watoto, na leo barua ikifika nyumbani huwabidi kumtafuta jirani.

Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, aliliangalia jambo hili kwa makini katika kitabu chake cha Maungamo. Kilatini alikijua tangu utoto bila hofu, katikati ya maneno ya upole ya walezi wake na vicheko vya waliocheza naye. Kigiriki alifundishwa kwa vitisho na adhabu kali, naye akakichukia. Mtoto alikuwa yule yule, na akili ile ile; njia ndizo zilizotofautiana. Agostino hakusema kwamba maonyo yote ni bure, lakini alikiri kwamba hamu ya moyo ulio huru hufundisha vizuri kuliko woga.

Naye Mtakatifu Yeronimo, mwanzoni mwa karne ya 5, alimwandikia Laeta, mama wa Kiroma, juu ya malezi ya binti yake Paula. Alimshauri amtengenezee mtoto herufi za mti au za pembe, azichezee. Ampe zawadi ndogo. Amfundishe pamoja na wenzake. Asimkemee akichelewa, asije akayachukia masomo tangu utoto, na uchungu ule ukamfuata hadi ukubwani. Pembe hazihitajiwi. Kipande cha makaa na ubao wa zamani vyatosha, au kidole na mchanga wa uani.

Kwa hiyo jibu laanza kuonekana. Hakuna mama amwamuruye mtoto mchanga kupenda ugali. Humweka karibu na sahani, kila siku kwa saa ile ile, naye mtoto huona wakubwa wakila kwa furaha. Mwishowe hunyosha mkono mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa kitabu. Mzazi haamuru upendo, bali huandaa mahali pake: saa maalum, mwanga wa kutosha, kimya kidogo, na sikio la kumsikiliza mtoto. Hayo yote yamo katika uwezo wake, na kwa hayo ataulizwa. Mzazi atumiaye kitabu kama adhabu, akisema: «Umevunja chungu, basi kaa ndani usome», hubomoa kwa mkono wake kile alichotaka kujenga.

Lakini mzazi asiyejua kusoma atafanya nini? Huyu ana kizuizi kingine, kikubwa kuliko ukosefu wa elimu, nacho ni haya. Huogopa kwamba akimwomba mtoto amsomee, heshima yake itapungua. Katika Matendo ya Mitume imeandikwa habari ya Mwethiopia mmoja, mkuu wa hazina ya malkia wake. Alipoulizwa na Filipo kama aelewa anachosoma, hakuona aibu kukiri kwamba ahitaji mtu wa kumwongoza, akamkaribisha aketi pamoja naye garini. Cheo chake hakikupungua hata kidogo. Basi mama auzaye ndakala sokoni na amwambie mwanawe: «Nisomee, nami nitakueleza usipoelewa maana.» Mtoto ana herufi, mama ana maisha, wakikaa pamoja, kitabu kimepata wasomaji wawili.

Ili jambo hilo liwezekane, yafaa kuanza na lugha ya nyumbani. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya mwaka 2006. Kifaransa kina faida yake, nacho kitafuata; lakini mtoto asomaye maneno asiyoyaelewa, mbele ya wazazi wasioyaelewa, atadhani kusoma ni kutoa sauti tu.

Tena pana jambo la haki. Katika nyumba nyingi mvulana husoma wakati jua bado lipo, naye dada yake yuko kisimani, kisha jikoni. Atakapomaliza, saa kumi na mbili imekwisha pita, giza limeingia, na mafuta ya taa ni ghali. Hakuna aliyemkataza kusoma. Amenyimwa mwanga tu. Wazazi hao hawakutamka neno, lakini watoto wote wawili wamefahamu ni nani anayehesabiwa kuwa na thamani. Ndoo moja ikichukuliwa na kaka yake, binti amepata nusu saa.

Mwisho, wazee wengine husikitika wakidhani kitabu kitazifukuza hadithi za jioni. Mtoto aliyezoea kumwuliza bibi yake: «Kisha ikawaje?» amekwisha kuwa msomaji, maana swali hilo ndilo lifunualo ukurasa unaofuata. Bibi na asimulie, mjukuu na aandike katika daftari, kisha amsomee bibi maneno yake mwenyewe. Nyumba ile, ijapokuwa haina fedha ya kununua kitabu, itakuwa imepata kitabu chake cha kwanza.