Sala ya Fundi Seremala

Katika Biblia yetu Wakatoliki kimo kitabu cha Yoshua bin Sira, na katika sura yake ya 38 mwandishi anawapitia mafundi mmoja baada ya mwingine: mkulima anayewaza ng'ombe wake wa kulimia, mchonga mihuri anayekesha ili sura aliyoichora ifanane, mhunzi anayepigana na joto la moto wake, mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Anakiri kwamba bila hao hakuna mji unaokalika. Lakini anasema pia kwamba hawataitwa barazani, wala hawataketi katika kiti cha hakimu. Heshima hiyo anamwekea msomi wa Sheria. Mwishoni anaongeza, kwa maneno machache sana, kwamba sala ya watu hawa imo katika kazi yao ya ufundi.

Tangu tulipomzika baba yangu, seremala wa Songea, nimekuwa nikiisoma sura hiyo na kujiuliza: je, Sira anawapa mafundi heshima, au anawapa kifuta machozi? Sala iliyomo ndani ya kazi ni sala kamili, au ni fungu analoachiwa mtu asiyejua kusali?

Swali hili nilipewa na msiba wenyewe. Kwetu, kabla ya jeneza kutoka, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa na kupata kipaimara wapi, alifunga ndoa na nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Kisha huja nyadhifa. Wengine husomewa orodha ndefu: mwenyekiti wa jumuiya, mweka hazina wa parokia, mlezi wa kwaya. Baba hakuwa na hata moja. Mzee mmoja wa jumuiya, mtu mwenye nia njema kabisa, alinishika mkono akasema, "Pole sana, dada. Mzee wetu alikuwa mtu mwema, ila mambo ya kanisa hakuyaingia sana." Nilimshukuru. Maneno yale hata hivyo sikubaliani nayo, na sababu zangu si za mapenzi ya mtoto kwa baba tu.

Baba alijifunza useremala akiwa kijana katika karakana za Peramiho, misheni iliyoanzishwa na wamonaki Wabenediktini mwaka 1898. Wamonaki hao huishi kwa Kanuni iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6. Sura ya 31 inamwagiza mtunza mali wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vile ni vyombo vitakatifu vya altare. Sura ya 57 inawahusu mafundi: wafanye kazi kwa unyenyekevu, na wanachouza kiwe cha bei ya chini kidogo kuliko ya watu wa nje, ili katika yote Mungu atukuzwe. Sidhani kama Baba aliwahi kuifungua Kanuni hiyo. Aliipata kwa kuiona ikitendwa. Randa haikusimamishwa juu ya ulimi wake, ililazwa ubavu. Patasi haikufungulia kopo la rangi, hata kwa mteja mwenye haraka. Jioni zana zilifutwa na kupakwa mafuta kabla mwenyewe hajanawa.

Nilipokuwa msichana nilikaa sana karakanani, na ndipo nilipoelewa mlango unavyotengenezwa. Kipande kimoja hukatwa ulimi, kingine huchimbwa tundu, na ulimi huingia tunduni kwa gundi na nyundo. Vikishafungwa, hakuna anayeweza kujua ulimi ule una urefu gani. Fundi wa kulipua huukata mfupi, akajaza gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, akapiga msumari na kupaka vanishi. Siku ya kukabidhi mlango unapendeza. Baada ya masika moja au mbili unaanza kulegea, na fundi ameshakula hela. Baba aliufikisha ulimi wake hadi mwisho wa tundu. Siku moja nilimuuliza nani angejua kama angeukata nusu. Alijibu bila kuinua kichwa, "Mlango utajua, mama."

Yesu, katika Mathayo sura ya 6, anawaambia wanafunzi wake waingie chumbani, wafunge mlango, wasali kwa Baba aonaye sirini. Tundu lile lililofungwa juu ya ulimi mzima naliona kuwa chumba cha namna hiyo. Mtu ametenda haki mahali ambapo jicho la binadamu halitafika, hatasifiwa kwa ajili yake na hatalipwa zaidi. Kama hiyo si imani, sijui imani huonekana wapi.

Hapo mtu makini atanipinga. Kama kazi ni sala, basi kila anayetoka jasho ni mcha Mungu, hata yule anayechukua malipo ya awali akahama mtaa? La. Tena ipo kazi safi kabisa inayokula nyumba ya mwenyewe: fundi mwenye mikono ya dhahabu ambaye watoto wake humjua kwa mgongo. Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, Laborem Exercens, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi, na kwamba thamani yake ya kwanza inatokana na yule anayeifanya. Kwa hiyo bidii pekee haitoshi kuwa kipimo. Lazima tuulize mikono ile ilimwelekea nani.

Mama alipata kiharusi, na upande wake wa kulia ukapooza. Aliporudi kutoka hospitali, Baba alisimama kando ya kitanda na tepu yake akapima mkono wa kushoto unafika wapi akiwa ameketi, na wapi akiwa amesimama. Akatoa mninga aliokuwa ameuweka miaka mingi ukikauka, akauchonga ukawa wa mviringo, akaufunga ukutani kutoka kitandani, kupita mlangoni, hadi chooni. Alipiga msasa, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja taratibu urefu wote akitafuta kibanzi. Akampitisha Mama. Kwenye kona aliona kiwiko chake kinainuka kupita kiasi, akafungua, akashusha, akafunga tena. Akatengeneza kiti cha kuogea, akamwogesha mwenyewe. Majirani walijitolea kumsuka Mama nywele; aliwashukuru, akajifunza kusuka, mistari ikienda upande, na Mama akakataa kusukwa na mwingine. Karakana alianza kuifunga jua likingali juu, na oda nyingine alizikataa, ili Mama asikae peke yake gizani. Aliendelea hivyo hadi tulipomzika Mama.

Tazama basi Yosefu. Injili zote nne hazikutuwekea hata neno moja alilolitamka. Kwa Mathayo anaota, anaamka, anatenda: anamchukua Maria, anaondoka usiku na mtoto na mama yake kwenda Misri, anarudi, anakaa Nazareti. Kwa Luka, mtoto alipopatikana hekaluni, aliyesema ni Maria, naye alisema walikuwa wakimtafuta wote wawili kwa huzuni. Watu wa kwao walimwita Yesu mwana wa seremala, na kwa Marko, sura ya 6, wanamwita seremala mwenyewe. Bwana wetu aliishi Nazareti miaka mingi kuliko aliyohubiri. Kama sala ya mikono ni ya wasiojua kusali, yeye alikuwa akifanya nini miaka yote ile?

Na kabla ya hao wote, katika Kutoka sura ya 31, Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza roho yake Bezaleli wa kabila la Yuda. Si ili atabiri, wala ili ahukumu. Ni ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao za hema takatifu. Kwa hiyo, kwa heshima yote, namwona Sira alipima vibaya alipomweka msomi juu ya fundi. Neno lake la mwisho juu ya sala yao lingestahili kuwa la kwanza.

Baba hakuacha kusali kwa kinywa. Misa ya Jumapili hakuikosa akiwa mzima, na kila asubuhi alipiga ishara ya msalaba kabla ya kushika msumeno. Ila ukitaka kujua alikuwa mtu wa kanisa kiasi gani, mtu wa kumuuliza alikuwa Mama.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na kwetu siku hiyo ni mapumziko ya taifa. Wenye vyama huandamana na mabango yao. Fundi wa mtaani hubaki karakanani kwake. Nawaomba mapadre wa parokia zetu: Mei Mosi ijayo waiteni mafundi waje na zana zao, seremala, fundi bomba, mwashi na fundi cherehani, mzibariki mbele ya watu wote. Nanyi wenye fundi kama huyo nyumbani, msingoje siku ya wasifu wake. Mwambieni sasa.