Dhana na Yakini

Ni lini mtu ana haki ya kusema "najua", na ni lini humpasa kusema "nadhani"? Swali hili la kale twataka kulitazama katika jambo jipya: kuwatambua bakteria wa maradhi kwa kusoma jeni zao katika maabara za hospitali.

Njia iliyozoeleka ni kumwotesha bakteria katika chombo chenye chakula chake, kisha kumpima. Lakini wako wasiokubali kuota. Mwaka 1907, tabibu George Whipple wa Marekani alieleza ugonjwa wa mtu aliyekonda hata akafa; akaona katika nyama za mwili wake vitu mfano wa vijiti, asiweze kuvijua. Mwaka 1992 wataalamu walisoma jeni la bakteria huyo liitwalo 16S, ambalo kila bakteria analo, lenye herufi zipatazo 1,500. Walipolilinganisha na ya wengine, wakapata nasaba yake. Kuoteshwa, hakuoteshwa mpaka mwaka 2000.

Je, tuseme shaka imekwisha? La. Jeni ni shahidi, na shahidi hashuhudii ila alichokiona. Kwanza, jibu hutoka katika daftari la jeni zilizokwisha andikwa. Daftari likikosea, na jibu hukosea. Pili, jeni hilo peke yake halimpambanui barabara bakteria wa kuhara damu, Shigella, na jamaa yake E. coli, ambaye aghalabu hukaa matumboni mwetu pasi na madhara. Tatu, jeni la bakteria aliyekufa husomeka pia. Kuwapo mahali si kuwa mwenye hatia.

Huenda mtu akasema: "Mgonjwa hangoji yakini." Kweli hangoji. Wagonjwa wa maradhi hayo ya Whipple walipewa dawa za kuua bakteria tangu miaka ya 1950, jina lake lisijulikane bado, na wengi wakapona. Basi dhana yenye dalili yatosha kutenda. Kosa ni kuivika dhana kanzu ya yakini. Tabibu asemaye "nadhani" huendelea kumwangalia mgonjwa wake, na dawa isipofaa huibadili. Asemaye "najua" ameufunga mlango, na mgonjwa yungali ndani.

Kwa hiyo twaona kwamba chombo kipya hakimwondolei mtu amana ya ulimi wake. Humzidishia, kwa kuwa neno litokalo katika mashine watu huliamini upesi.