Deni la Mwenye Kejeli

Kuna namna ya kunung'unika ambayo haiombi kitu. Mwenye njaa hunung'unika ili apewe chakula, na mpangaji hunung'unika ili paa linalovuja lizibwe. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kanada, anapokunja gazeti lake na kusema kwa upole, "Hongera kwa serikali yetu tukufu, imetuokoa tena," hatazamii kupewa chochote. Maneno yake yamevaa joho la sifa, na chini ya joho pana kisu. Juu ya maneno ya namna hii nataka kuuliza swali moja, nalo si swali la adabu, kwa kuwa adabu ina walimu wake wengi. Nauliza: mwenye kuyakejeli mambo ya nchi yake anadaiwa nini?

Nimeichagua Kanada kwa sababu ni nchi ambayo kejeli haimpeleki mtu gerezani. Penye hatari, kejeli ina udhuru wake: ni mlango wa nyuma wa kusemea yasiyosemeka, na mwenye kuupita amekwisha kulipa kwa hofu yake. Kadhia huwa ngumu pale ambapo kila jambo lasemeka waziwazi, na mtu bado akachagua kulisema kinyume.

Tuitazame tarehe 30 Desemba 2009. Siku hiyo, watu wakiwa katika mapumziko ya mwisho wa mwaka, ofisi ya Waziri Mkuu Stephen Harper ilitangaza kwamba kikao cha Bunge kimefungwa, na kwamba wabunge watarejea tarehe 3 Machi 2010, Michezo ya Olimpiki ya Vancouver itakapokuwa imemalizika. Ilikuwa mara ya pili katika muda wa miezi kumi na mitatu. Mwanzoni mwa Desemba 2008 alikuwa amefanya vivyo hivyo, wakati wapinzani walipojiandaa kumwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Mara hii ya pili, kamati ya Bunge ilikuwa ikichunguza habari za mahabusu ambao askari wa Kanada waliwakabidhi kwa vyombo vya Afghanistan, na mashaka kwamba huko waliteswa. Waziri Mkuu hakuvunja sheria. Gavana Mkuu aliombwa, naye akakubali.

Hapo ndipo kejeli inapozaliwa, pale ambapo tendo ni halali lakini halistahiki. Asiyepata kifungu cha sheria cha kumkamatia mtawala hukamata kicheko. Mwanafunzi mwenye mtihani mwezi wa Januari angeweza kuwaambia wenziwe kwamba naye ameuahirisha mtihani wake mpaka Olimpiki ziishe, kwa maslahi ya taifa. Ni mzaha mwepesi, lakini ukiufungua utakuta ndani yake hoja kamili: anayepimwa hapaswi kuwa yeye ndiye mwenye kupanga siku ya kupimwa. Profesa wa sheria angeiandikia hoja hiyo kurasa arobaini.

Sisi tunaofasiri twaijua kejeli kwa taabu zake. Haifasiriki neno kwa neno, kwa sababu maana yake haimo ndani ya maneno. Imo katika makubaliano baina ya msemaji na msikilizaji kuhusu namna mambo yanavyopaswa kuwa. Anayesema "serikali tukufu" kwa dhihaka anategemea kwamba mimi na yeye twajua utukufu ni kitu gani. Asiyeamini kabisa kwamba pana uongozi mwema hawezi kuukejeli ule mbovu; angeutaja tu, kama mtu anavyotaja kwamba leo mvua imenyesha. Kwa hiyo kila kejeli ni shahada iliyofichwa. Na deni linaanzia hapo, kwa kuwa aliyekiri kuujua mizani amekwisha kukubali kupimwa nao.

Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, chama cha Canadian Alliance, kilichoongozwa na Stockwell Day, kilikuwa na sera kwamba waraka uliotiwa saini na asilimia 3 ya wapiga kura utoshe kuitisha kura ya maoni ya nchi nzima. Mchekeshaji Rick Mercer, katika kipindi chake cha televisheni, hakuisuta sera ile kwa neno hata moja. Aliitii. Aliwaomba watazamaji watie saini ili iitishwe kura ya kumlazimisha Bwana Day abadilishe jina lake la kwanza na kuitwa Doris. Saini zilizotangazwa zilipita milioni moja. Kejeli ya namna hii naiheshimu, kwa sababu ilimchukulia mpinzani kwa uzito kuliko yeye alivyojichukulia: ilitembea katika njia aliyoichora yeye mwenyewe, ikaonyesha inakofikia.

Lakini kejeli ina jicho moja, na si kila mara hujua jicho la pili limefumbwa wapi. Mwaka 1963 Jacques Ferron, tabibu na mwandishi wa Quebec, aliasisi Chama cha Kifaru. Wazo lilitoka Brazil, ambako mwaka 1959 wapiga kura wa São Paulo walimpa kifaru jike aitwaye Cacareco kura zipatazo laki moja katika uchaguzi wa baraza la jiji. Kiongozi wa chama cha Kanada alikuwa Cornelius wa Kwanza, kifaru wa bustani ya wanyama ya Granby. Wagombea wake waliahidi kuifuta sheria ya nguvu za uvutano, na waliahidi pia kutotimiza ahadi yoyote. Mwaka 1980 walipata kura zaidi ya laki moja, nyingi kuliko vyama kadhaa vilivyojiona vya maana.

Chama hicho kiliwahi kutangaza vita dhidi ya Ubelgiji. Sababu ilikuwa kwamba Tintin, yule kijana wa hadithi za picha za Hergé, amemuua kifaru katika kitabu cha safari yake ya Kongo. Walisema vita vingesitishwa kama Ubelgiji ingeleta kome na bia, na ubalozi wa Ubelgiji mjini Ottawa ukaleta.

Nami hucheka, kisha kicheko hunikwama. Hadithi hiyo ilianza kuchapwa mwaka 1930, Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji, na ndani yake Wakongo wamechorwa kama watoto wasiojua kuhesabu, wakimsujudia mgeni na mbwa wake. Kifaru wa karatasi alipata chama cha kumpigania. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekuwa akisoma Ubelgiji alipeleka shauri mahakamani Brussels kwa sababu ya watu waliomo katika kitabu kilekile. Mwaka 2012 mahakama ilimkatalia, na hakuna ubalozi uliomletea kome. Simlaumu Ferron wala waliomfuata. Shabaha yao ilikuwa viongozi wenye ngozi nene, na waliipiga. Nasema tu kwamba mwenye kejeli huchagua la kulicheka, na katika kuchagua huko hujifunua kuliko anavyodhani.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya mtu aliyeketi. Søren Kierkegaard wa Denmark, katika tasnifu yake ya mwaka 1841 iliyomtazama Socrates, alifikia kusema kwamba kejeli si ukweli bali ni njia. Naliafiki neno hilo kwa maana ya kawaida kabisa: njiani hapajengwi nyumba. Mwanafunzi anayewakejeli Waliberali Jumatatu, Wahafidhina Jumanne, na wale wa New Democratic Jumatano, huenda ana haki kila siku. Lakini ifikapo Alhamisi amejipatia kitu alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo, nacho ni ruhusa ya kutochagua. Wote wameonekana wajinga, na yeye peke yake ameonekana mwerevu. Washairi wetu wa zamani hawakuwa na raha hiyo. Muyaka wa Mombasa alipowatupia vijembe washairi wa Lamu katika karne ya 19, alijua kuwa jibu litakuja kwa vina na mizani vilevile, na kwamba yeye naye atatajwa ndani yake. Kijembe hutupwa kwa aliyepo, na anayekitupa hujiweka mahali ambapo chaweza kumrudia.

Kanada yenyewe ina takwimu za jambo hili. Januari 2010, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alberta aliyechukizwa na kufungwa kwa Bunge aliwakusanya kwenye intaneti watu zaidi ya laki mbili wenye kuchukizwa kama yeye, na tarehe 23 mwezi huo wengi walitoka barabarani katika miji zaidi ya hamsini, kwenye baridi ambayo msomaji wa kisiwani ni vigumu kuiwazia. Machi 2011, Mercer yuleyule aliacha mzaha kwa muda akawahimiza vijana wafanye lile ambalo hakuna mwanasiasa anayelitarajia kutoka kwao, yaani wapige kura. Wanafunzi wakafanya maandamano ya shangwe vyuoni, huku wakijirekodi. Basi je? Kwa makadirio ya tume ya uchaguzi, vijana wa miaka 18 hadi 24 waliopiga kura mwaka 2008 walikuwa asilimia 37.4. Mei 2011 walikuwa asilimia 38.8. Harper akapata wingi wa viti aliokuwa hajaupata kabla. Ilipofika 2015 ndipo vijana hao walipopanda hadi asilimia 57.1, naye akaondoka.

Uchaguzi ule wa 2011 uliwafanyia wanafunzi kejeli yake wenyewe. Kule Quebec, New Democratic walikuwa wamewaweka vijana kadhaa katika majimbo ambayo hakuna aliyetazamia kuyashinda. Wakashinda. Wanafunzi wa McGill wakajikuta wabunge, na Pierre-Luc Dusseault wa Chuo Kikuu cha Sherbrooke akaingia Bungeni akiwa na miaka 19, mbunge mdogo kuliko wote waliopata kuchaguliwa nchini humo. Kwa usiku mmoja walihama kutoka upande wa wanaocheka kwenda upande wa wanaochekwa, na vicheko havikukosekana.

Mwaka uliofuata, serikali ya Jean Charest huko Quebec ilitaka kupandisha ada ya chuo kwa dola 1,625 katika muda wa miaka mitano. Wanafunzi waligoma tangu Februari. Waliyaita majira yao ya kuchipua kwa jina la ule mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, kwa sababu kwa Kifaransa jina la mti huo linakaribiana sana na neno "Kiarabu", na mwaka uliotangulia ulikuwa wa Tunis na Cairo. Mchezo huo wa maneno haufasiriki, nami nimeuacha. Wenzao wa majimbo mengine waliwakejeli kuwa wanalia ilhali ada yao ni ndogo kuliko zote nchini. Tarehe 18 Mei 2012 ilipitishwa sheria iliyowataka waandamanaji 50 au zaidi wawape polisi taarifa saa nane kabla. Watu wakaitikia kwa kutoka mabarazani saa mbili usiku na kugonga masufuria. Septemba serikali ilishindwa katika uchaguzi na nyongeza ikafutwa; Februari 2013 serikali mpya ikaleta nyongeza ya asilimia 3 kila mwaka, na manung'uniko yakaanza upya.

Miongoni mwa walioandamana alikuwamo mwalimu wa falsafa aliyevaa vazi la panda, kichwa na mwili, akienda kuwakumbatia polisi. Siku ileile ya Mei, jiji la Montreal lilipiga marufuku kuficha uso katika maandamano. Mwalimu yule alivua kichwa cha panda akaenda mahakamani. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani ya Quebec, na mwaka 2018 mahakama hiyo ikasema kwamba katazo la kuficha uso ni batili. Wengi wa wanafunzi waliocheka naye barabarani walikuwa wamekwisha kumaliza masomo yao.