Akiba Inayooza

Daftari la ukaguzi lilikuwa na safu tano: tarehe, namba ya betri, volti, hali, sahihi. Kwenye safu ya hali nilizoea kuandika neno moja tu, "sawa". Siku moja niliandika "sawa" mbele ya betri ambayo sikuwa na hakika kama iko sawa, nikatia sahihi, nikaenda kula.

Nilikuwa na miaka 23, nimetoka kumaliza shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, na nilikuwa na kazi ya mkataba katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Kila mwezi nilipima betri za akiba, zile zinazobeba chumba cha upasuaji kwa muda mfupi umeme unapokatika na jenereta halijawaka. Zilikuwa nane. Zikiwa kwenye chaji, zote zilisoma karibu volti 13.5. Siku hiyo nilizitoa kwenye chaji kwa dakika moja, kitu ambacho sikuagizwa kukifanya, nikaona namba 6 inashuka hadi chini ya volti 11 huku wenzake wakibaki juu ya 12. Nilipoirudisha kwenye chaji, ikasoma 13.5 kama kawaida.

Nilimtazama fundi mkuu, mzee aliyekuwa kazini kabla sijazaliwa. Alikuwa anafunga kisanduku chake cha vifaa. Nikajiuliza: labda mita yangu ina tatizo. Labda waya haukukaa vizuri. Na betri hizi ndiye alizipokea yeye kutoka kwa muuzaji. Mimi mgeni, binti wa juzi, nianze kusema betri za mzee ni mbovu kwa sababu ya kipimo kimoja? Nikaandika "sawa".

Wiki mbili baadaye, usiku, umeme ulikatika. Betri zilibeba mzigo kwa muda usiozidi dakika moja, na jenereta likachelewa kuwaka. Mama mmoja alikuwa mezani kwa upasuaji wa kujifungua. Manesi walimulika kwa simu zao, daktari akaendelea. Mama akapona, mtoto akalia. Asubuhi tulibadilisha betri, fundi akaandika kwenye daftari kwamba zimebadilishwa, na hakuna aliyefungua ukurasa wa nyuma. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Nilidhani nimesahau. Kisha mwaka huu, katika masomo ya uzamili, tulipewa kazi ya kuchagua kifaa kimoja cha usalama na kueleza namna kasoro zake zinavyoripotiwa. Nikachagua betri za akiba za vinu vya nyuklia vya Marekani. Nilijidanganya kwamba nimezichagua kwa sababu ni mada rahisi.

Watu wengi hudhani kwamba ukizima kinu cha nyuklia, hatari imekwisha. Sivyo. Mara tu baada ya kuzimwa, mafuta ya nyuklia huendelea kutoa joto la takriban asilimia 6 hadi 7 ya nguvu kamili ya kinu, na joto hilo hupungua polepole. Ni lazima liondolewe. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta kubwa za dizeli huwashwa. Jenereta nazo zikishindwa, zinabaki betri. Betri hazina nguvu ya kuendesha pampu kubwa. Kazi yake ni ndogo zaidi, lakini bila hiyo mengine yote ni bure: kuwasha mita za chumba cha udhibiti, kufungua na kufunga vali, kusogeza swichi, kuiamsha jenereta. Bila betri, mtu amesimama gizani mbele ya mashine asiyoijua hali yake.

Ndivyo ilivyokuwa Fukushima Daiichi. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilikata umeme wa nje, na jenereta zikawaka kama zilivyopangwa. Chini ya saa moja baadaye, tsunami ikaingia. Maji yalizima jenereta karibu zote, na katika kinu namba 1 na namba 2 yaliharibu pia umeme wa betri. Wafanyakazi walisoma mita kwa tochi. Walikusanya betri za magari na kuziunganisha ili mita ziwake na vali zifunguke. Betri za pale hazikuwa na kasoro ya kiwandani; zilizamishwa na maji. Ninazitaja kwa sababu siku ile dunia iliona thamani ya kitu ambacho kwa miaka mingi kilikaa kwenye chumba cha chini bila kuulizwa chochote.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Sisi tunasema akiba haiozi. Kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri, au kwa fedha ya kikundi, huenda ni kweli. Betri ni akiba inayooza, tena inaoza huku inang'aa. Betri ya kinu cha nyuklia huwa mara nyingi ni seli kama 60 zenye sahani za risasi ndani ya asidi, kila moja ikitoa volti 2 na ushee, zikiwa zimefungwa mfululizo. Ikiwa kwenye chaji, seli iliyochoka inaweza kusoma sawasawa na seli nzima. Ukweli wake hujulikana inapobebeshwa mzigo. Ndiyo maana mafundi huzipima kwa kuzitumia hasa, na uwezo ukishuka chini ya asilimia 80 ya ule ulioandikwa, zinatakiwa zibadilishwe. Na kwa kuwa zimefungwa mfululizo, muungano ukikatika ndani ya seli moja, zote 60 hazina faida.

Utasema: si wanaweka seti mbili au zaidi? Wanaweka. Lakini kama seti zote zimetoka kiwanda kimoja, katika toleo moja, zikiwa na ufa uleule usioonekana, basi kuwa na mbili ni kama kuwa na moja. Anayeweza kuligundua jambo hilo mapema mara nyingi si mtu wa kinu. Ni mtu wa kiwandani, aliyeona seli tatu zilizorudishwa na wateja watatu tofauti zikiwa na alama inayofanana. Naye hana hakika. Seli tatu ni nini kati ya maelfu?

Sheria ya Marekani inazungumza na mtu huyo. Kifungu cha 206 cha sheria ya nishati ya mwaka 1974, na kanuni zilizotungwa chini yake, zinawabana wakurugenzi na maofisa wahusika wa kampuni zinazojenga, kumiliki au kuendesha vinu, na pia zile zinazouza vifaa vyake vya msingi. Kampuni ikigundua jambo linaloweza kuwa kasoro, ina siku 60 za kulichunguza. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku hizo, haikai kimya mpaka ikamilishe. Inapeleka taarifa ya muda, ikieleza inachokichunguza na lini itamaliza. Muuzaji akiona hana uwezo wa kujua kama kasoro ni ya hatari, kwa sababu hajui kifaa chake kimefungwa wapi na kinafanya kazi gani, ana siku tano za kazi kuwajulisha walionunua. Na ofisa husika akishapata habari kwamba kasoro ya hatari ipo, ana siku mbili kuijulisha mamlaka na siku 30 kuleta maandishi. Anayejua na kunyamaza kwa makusudi anaweza kutozwa faini.

Nilisoma taarifa hizo, maana zimewekwa wazi kwa umma. Zina lugha kavu kabisa. Kilichonishika ni kwamba kampuni inathubutu kuandika, kwa jina lake, mbele ya wateja na washindani wake: tumeona hiki, hatujui bado maana yake, tunaendelea kupima. Mimi sikuweza kuandika hivyo kwenye daftari lililosomwa na watu wawili.

Swali langu basi ni hili: je, mtu ana wajibu wa kusema jambo asilokuwa na hakika nalo?

Malezi yetu yanaonekana kujibu hapana. Tumefundishwa tusiseme tusilolijua. Tumeona watu walioharibiwa jina kwa tetesi, biashara zilizokufa kwa neno la kijiweni. Muuzaji wa betri naye ana familia. Na mzee aliyezipokea ana heshima yake, ambayo ilimchukua miaka 30 kuijenga. Sitaki kudharau hoja hii. Kunyamaza kwangu hakukuwa woga mtupu. Ndani yake kulikuwa na adabu ya kweli.

Mwanafalsafa na mwanahisabati Mwingereza W. K. Clifford aliandika mwaka 1877 insha kuhusu maadili ya kuamini. Anamsimulia mwenye meli aliyejua kwamba meli yake ni kuukuu na huenda inahitaji matengenezo. Shaka ilimsumbua. Akaituliza: meli imesafiri mara nyingi ikarudi, Mungu atawalinda abiria, mafundi wake ni waaminifu. Meli ikazama na watu wake, naye akalipwa bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, hata kama imani yake ilikuwa ya dhati, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Kisha anaongeza jambo lililonifanya nifunge kompyuta na kutembea nje kidogo: tuseme meli ingefika salama. Hatia yake isingepungua hata chembe. Ingekuwa tu haijagunduliwa.

Mama alipona, mtoto akalia. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeufanya uzima wao kuwa ushahidi wangu wa utetezi.

Lakini Clifford ana upande wa pili. Fundisho lake kuu ni kwamba ni kosa kuamini bila ushahidi wa kutosha. Je, hilo halinipi mimi ruhusa? Sikuwa na ushahidi wa kutosha kuamini kwamba betri namba 6 ni mbovu. Nilikaa na swali hili siku kadhaa, na jibu nililolipata ni rahisi hata linaaibisha. Sikuwa na ushahidi wa kutosha kusema "mbovu". Sikuwa nao pia wa kusema "sawa". Nilidhani nimenyamaza, kumbe nilikuwa nimesema, tena kwa sahihi yangu. Niliogopa kudai jambo nisilolijua, nikaishia kudai jambo nisilolijua, ila lile ambalo halimkeri mtu.

Kushuku si kushutumu. Anayesema "fulani ameuza betri mbovu" anatoa hukumu, na hukumu inataka ushahidi. Anayesema "nimepima nikaona hivi, sijui sababu" anatoa alichonacho, na alichonacho ni kweli yote. Zile siku 60 na ile taarifa ya muda ni nafasi ambayo sheria imeitengea shaka, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya kupiga mayowe na kujifanya hakuona. Shaka inapewa tarehe na mtu wa kuifuatilia.

Kuna pingamizi moja zaidi. Wote tulisimuliwa yule mchungaji aliyepiga kelele za simba mara nyingi hata siku simba alipokuja kweli hakuna aliyetoka. Tukiripoti kila wasiwasi, si watu watachoka? Watachoka, ndiyo. Ila kosa la mchungaji yule lilikuwa kusema "simba" wakati hakuna alichokiona. Angesema "nimesikia majani yakitikisika upande wa mtoni, sijaona mnyama", wanakijiji wangeamua wenyewe watume watu wawili au kumi. Taarifa inayopima maneno yake haichoshi watu kama kelele.

Jambo hili halitabaki la Wamarekani na Wajapani peke yao. Kenya na Uganda zina mipango ya kujenga vinu vya nyuklia. Tutanunua vinu na betri zake, na kanuni tutaziandika, pengine kwa kunakili. Tabia ya kuandika "sijui, ipimwe tena" mbele ya mkubwa wako haipatikani kwa kununua. Kama haipo hospitalini, sioni itatoka wapi kinuni.

Mwezi uliopita nilimpigia fundi mkuu, sasa amestaafu. Nikamwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamwambia: kuhusu ule usiku, betri namba 6 niliiona wiki mbili kabla.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Hata mimi niliiona, binti yangu," akasema. "Ilikuwa inapata joto kuliko nyingine. Nikasema, ngoja, huyu msomi akipima atagundua. Nikaona umeandika sawa."

Hatukulaumiana. Aliniuliza kama siku ile ningekuwa na akili ya leo, ningeandika nini, maana safu ya hali ilikuwa nyembamba. Nikamwambia ningetumia hata pambizo: Namba 6, kwenye chaji 13.5, nje ya chaji chini ya 11 ndani ya dakika moja. Sababu sijui. Ipimwe tena wiki hii.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mzee."

"Basi na mimi ningeandika la joto chini yake," akasema.